Tulimchukua kwa ajili ya kucha zake

Paka wetu anaitwa Karani. Jina alipewa na mama, enzi za duka lake la nafaka Tandale, kwa tabia yake ya kulala juu ya daftari la madeni. Mteja akija kukopa, ilibidi Karani anyanyuliwe kwanza ndipo daftari lifunguliwe, na wapo waliokuwa wakinung'unika kwamba paka yule kawekwa pale makusudi.

Alipatikana hivi. Panya walikuwa wamemshinda mama. Mtu anayeuza mchele na maharage anajua panya si habari ya kuchekesha: anatoboa gunia kwa chini, unakuja asubuhi unakuta nusu debe iko sakafuni imechanganyika na mavi yake. Sumu aliijaribu mara moja tu. Panya akafia nyuma ya shehena, duka likanuka wiki nzima, na mama mwenyewe akawa hana amani kuweka sumu chumba kimoja na chakula cha watu. Jirani yake, muuza samaki, alikuwa na paka aliyezaa wanne. Mama akaenda, akavua mtandio, akauning'iniza mbele yao kama kamba ya kuanikia. Watatu walinusa wakaenda zao. Wa nne aliurukia, akaung'ang'ania, na mama alipouinua alipanda nao hewani akining'inia kwa miguu ya mbele, macho yamemtoka. "Huyu," mama akasema. Muuza samaki hakutaka hela, akalazimishwa apokee kilo moja ya mchele.

Nimeanza na mtandio kwa sababu nataka ikumbukwe huko mbele.

Miaka miwili iliyopita miguu ya mama ilianza kumsumbua kwa sababu ya sukari. Akafunga duka, akahamia kwangu Kimara, akaja na masanduku mawili, mashine ya kushonea, na Karani ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka kuvunja kikoba. Mgao wangu wote, na nyongeza kidogo, ulikuwa umekwenda Keko kwa fundi: seti ya makochi, mahameli ya kijani kibichi, shilingi 1,350,000 bila usafiri. Nilikuwa sijatoa hata nailoni kwenye viti viwili vya pembeni. Mume wangu akiniambia nazidisha, namwambia wewe hukukaa kwenye mkeka miaka sita.

Karani alihitaji siku tatu. Alichagua mkono wa kochi kubwa, ule wa upande wa dirishani, akasimama kwa miguu ya nyuma, akajinyoosha mpaka mgongo ukalia, akashusha. Sauti yake ni kama ya mtu anayechana kitenge polepole. Nilitupa ndala, ikamkosa, ikapiga picha ya harusi.

Wazo la kumtoa kucha lililetwa na shemeji, mdogo wa mume wangu, anayeishi Houston. Alipiga simu ya video kumsalimia mama, akaona kochi nyuma yetu limechanika nyuzi. "Shemeji, hamjamtoa huyo kucha? Huku ni jambo dogo. Asubuhi unampeleka, baadaye unamchukua. Wa kwangu hana hata moja." Akamwonyesha paka wake, jike jeupe nene, limelala kwenye zulia.

Sitasema uongo, wazo lilinivutia. Kwenye kichwa changu kutoa kucha kulikuwa kazi ya saluni. Kucha inaota, kucha inakatwa, kucha inang'oka mtu akijikwaa kwenye kizingiti na baada ya miezi inarudi. Neno lenyewe halimtishi mtu. Halafu ikatokea nikapata na sababu yenye uzito kuliko kochi: Karani, akicheza na pindo la gauni, alimkwaruza mama kwenye muundi. Mtu mwingine angepaka mafuta akasahau. Kwa mwenye sukari mkwaruzo ule ulichukua zaidi ya mwezi, kliniki mara mbili kwa wiki kubadilisha bandeji, na mimi kila nikifungua bandeji roho juu. Kwa hiyo nilipompeleka Karani kwa daktari wa mifugo kuchanjwa kichaa cha mbwa, nilikuwa na swali langu tayari, na nilikuwa naona nina haki ya kuliuliza.

Daktari, kijana aliyesomea Sokoine kule Morogoro, hakunifokea. Aliniuliza kama nimewahi kuandaa miguu ya kuku.

Nani hajawahi? Unaichovya maji ya moto, unamenya lile ganda la njano, halafu unakata ncha zenye kucha.

"Unakatia wapi?"

Nikafikiri. Kwenye kiungo. Ukucha wenyewe hautoki hata ukiuvuta kwa koleo. Unaweka kisu kwenye pingili ya mwisho, unabonyeza, inakatika pingili nzima na ukucha wake.

"Basi ndiyo hiyo," akasema. "Ila huyu bado anahitaji kutembea."

Ukucha wa binadamu umelala juu ya nyama, ndiyo maana unaweza kung'oka ukabaki na kidole. Wa paka umeota kutoka kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, na chembe zinazouotesha zimo humo humo. Ukitaka usirudi lazima mfupa uondoke, na kano zinazoushika zikatwe. Miguu ya mbele ina vidole vitano vitano, kwa hiyo operesheni ya kawaida, ile ya asubuhi na baadaye, ni kukata pingili kumi chini ya nusu kaputi. Wengine hutumia kisu, wengine mkasi maalumu, wengine mwale wa leza. Leza hupunguza damu. Idadi ya mifupa inayotoka ni ileile. Na paka, tofauti na sisi tunaokanyaga kwa unyayo mzima, hutembea kwa vidole. Uzito wake wote uko pale palipokatwa.

Yeye mwenyewe hajawahi kuifanya. Ameiona kwenye vitabu, na mara mbili ameombwa na watu waliohamia hapa kutoka nje, akakataa. Nilimuuliza kwa nini kwetu haipo, nikitegemea aseme kitu kizuri kuhusu utu wetu. Akacheka. "Dada, kwetu paka akisumbua hatoki kucha. Anatoka yeye."

Nilirudi na Karani kwenye bajaji nikiwa nimeinamia boksi, nalihesabu lile jibu.

Jioni nilimpigia shemeji. Sikutaka kumsuta, nilitaka tu kujua paka wake anaendeleaje. Mwanzo alisema hana neno. Baadaye, kama watu wanavyosema mambo ya kweli simu ikishakaribia kukatwa, akaniambia ana kiburi. Ameacha kutumia boksi la mchanga, anakojoa kwenye zulia na mara nyingine juu ya kitanda. Na anauma. Mtoto wao hathubutu kumshika. Wameshabadilisha mchanga, boksi, na aina ya chakula.

Nikamweleza niliyoyasikia. Paka aliyekatwa vidole anaingia kwenye mchanga na vidonda, anachimba, anaumia. Na paka akishaumia mahali, pale mahali hapasahau. Anatafuta palipo laini, na laini ni zulia na kitanda. Silaha ya kwanza ya paka ni onyo la kucha. Ukishaiondoa, linabaki jino. Madaktari wa Marekani waliwachunguza paka 274, nusu yao waliotolewa kucha na nusu wazima, utafiti ukachapishwa mwaka 2018: waliokatwa walionekana kuwa na maumivu ya mgongo, kukojoa ovyo na kuuma zaidi kuliko wenzao, na walipopigwa picha za eksirei, zaidi ya nusu yao walikutwa na vipande vya mfupa vilivyoachwa ndani ya vidole. Kipande kikibaki, paka anakuwa kama mtu anayetembea na kokoto kwenye kiatu asichoweza kuvua.

Shemeji alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Daktari hakuniambia hivyo. Aliniambia ni pakeji, pamoja na kuhasiwa."

Namwamini. Kule jambo hili lilikuwa la kawaida kiasi kwamba mtu hakuona cha kuuliza, na sheria zimekuja polepole. Mji mdogo wa West Hollywood, California, ndio ulioanza kupiga marufuku mwaka 2003. New York ikawa jimbo la kwanza mwaka 2019, faini hadi dola 1,000, isipokuwa pale paka mwenyewe ana ugonjwa unaodai akatwe, kama uvimbe. Ulaya walishatangulia: mkataba wao wa kulinda wanyama wa nyumbani, uliofunguliwa Strasbourg mwaka 1987, unaitaja kucha kwa jina, sambamba na kukata mikia, kukata masikio na kuwaondoa mbwa sauti. Uingereza wana sheria yao ya 2006. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama, ingawa nikitaka kuona inavyofanya kazi naangalia punda wa mchanga na kuku wanaoning'inizwa vichwa chini kwenye bodaboda, naona ina safari ndefu.

Hoja ambayo sikuweza kuitupa haraka ni ile waliyoitoa madaktari wengi wa New York walipokuwa wakiipinga sheria: kuna mwenye paka ambaye amefika mwisho, ama kucha zitoke ama paka atoke, na bora paka asiye na kucha mwenye nyumba kuliko mwenye kucha asiye na nyumba. Ukiisikia Dar, mji ambao mapaka shume wamejaa kila jalala na vipaka vinafungwa kwenye mfuko na kuachwa sokoni usiku, hoja hii ina nguvu. Nilimrudia daktari nayo. Akasema amewaona watu wa aina hiyo, na shida yao haishi kwenye kochi. Ukimtoa kucha leo akaanza kukojoa kitandani kesho, mtu yuleyule atamtupa vilevile, na sasa anamtupa mnyama asiyeweza kupanda mti wala kujitetea kwa mbwa.

Na mguu wa mama? Hapo nilitaka anipe ruhusa, nasema wazi. Hakunipa. Akaniambia hata miongozo ya afya ya huko Marekani kwa watu wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI, haishauri paka watolewe kucha. Inasema achana na michezo ya fujo, kata ncha za kucha, jeraha lioshwe mara moja. Akaongeza la kwake: mkwaruzo wowote wa mnyama, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, kwa saa, halafu ndipo uanze kuuliza maswali ya chanjo. Dakika kumi na tano ni nyingi. Jaribu siku moja kusimama bombani muda huo.

Mama alikuwa hajui yote haya yanaendelea. Nilimweleza siku moja tunachambua mchicha, nikiamini nitamfurahisha. Kwanza alishangaa kwamba kuna watu wanaofanya hivyo kwa hela. Kisha akanikumbusha hadithi ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua, ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Nilikuwa nimezoea kuisikia kama hadithi ya njaa: alimfungia, hakumlisha, paka akafa. Mama akasema soma vizuri, kosa lina sehemu mbili. Hakumlisha, na hakumwachia akajitafutie mwenyewe wadudu wa ardhini. "Sasa paka asiye na kucha," akasema, "hata ukimfungulia mlango umemwachia nini?"

Nikawa natikisa kichwa, nafurahia hekima ya mama yangu, na pengine nilikuwa tayari natunga maneno ya kumwandikia shemeji, maana niliendelea na hotuba ndogo kuhusu watu wanaomkatakata mnyama ili aenee kwenye maisha yao. Mama aliniacha nimalize. Akatupa shina la mchicha.

"Na midomo ya kuku wako?"

Nyuma ya nyumba nina banda la kuku wa mayai. Mwanzo walikuwa mia, sasa mia na hamsini, banda ni lilelile. Kuku wakibanana wanadonoana, wanang'oana manyoya, mmoja akitoka damu wenzake wanamwandama mpaka anakufa, na wakishajua ladha ya yai wanakula mayai. Kwa hiyo kuna kijana anakuja na kisu chake kilichopashwa moto, anashika kifaranga mmoja mmoja, anakata ncha ya mdomo, anaiunguza ili damu isitoke. Shilingi mia mbili kwa kichwa. Harufu yake ni ya kucha iliyoungua. Siku mbili tatu wanakuwa wanauangalia mtama kama hawaujui. Mimi huwa ndani napika.

Mdomo wa kuku haujafa kama ncha ya ukucha wangu. Una mfupa ndani na neva, na ndio mkono wake: kwa huo anachagua punje, anajisafisha manyoya, anaijua dunia. Na sababu ya kuukata siyo kwamba mdomo una kasoro. Nimewajaza. Daktari wa kata alishaniambia mara mbili, niongeze nafasi, niongeze protini kwenye chakula, nipunguze mwanga, nitundike majani wadonoe. Kuongeza nafasi maana yake ni kununua mabati na mbao, au kupunguza kuku hamsini, ambao ni ada ya shule ya muhula mmoja. Kisu ni shilingi elfu thelathini.

Nilijaribu kujitetea. Nilisema kuku ni biashara, Karani ni wa nyumbani. Nilisema mbona Karani tumemhasi, na hilo nalo ni kukata. Mama akasema kuhasi anakuelewa: Tandale aliwaona mapaka dume wakirudi alfajiri jicho moja halipo, na vipaka visivyo na mwenyewe amevizika kwa mikono yake. Hapo kuna kitu paka anapata. "Kwenye kucha anapata nini? Kwenye mdomo anapata nini kuku?" Sikuwa na jibu, na bado naona kuhasi hakujakaa sawa kabisa moyoni mwangu, ila si kwa uzito uleule.

Kilichoniuma zaidi ni kukumbuka ule mtandio. Tulimchukua Karani kwa sababu ya kucha. Wenzake watatu waliachwa kwa kukosa kile ambacho mimi, miaka minane baadaye, nilitaka kumlipa daktari akiondoe, kwa kuwa tumehama kutoka kwenye magunia kwenda kwenye mahameli. Yeye hakuhama. Anaamka saa tisa usiku, anakagua jiko, stoo, uvungu wa kitanda cha mama, kama vile bado kuna mchele wa watu unaomtegemea.

Kwa Karani tulifanya haya. Ncha za kucha tunakata kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa mkasi mdogo wa kucha za watoto. Mama anamviringisha kwenye kanga kabaki mguu mmoja nje, mimi nabonyeza kidole taratibu ukucha unachomoza, nakata ile sehemu nyeupe tu. Ndani kuna mshipa wa rangi ya waridi, huo hauguswi. Siku ya kwanza tulimaliza vidole viwili na wote watatu tukawa tumechoka. Sasa tunamaliza yote kumi kabla maji ya chai hayajachemka. Mama anavaa soksi ndefu, na pindo la gauni limepandishwa kwa pini.

Kuhusu kochi, nilirudi Keko kwa fundi wangu. Aliangalia mkono uliochanika, akanipa somo la bure: paka hachani kwa ubaya wala kwa kunoa tu. Anavua ganda la nje la ukucha lililozeeka, ananyoosha mgongo, na anaacha harufu yake, kwa hiyo ukimfukuza bila kumpa pa kufanyia umemwambia aache kupiga mwayo. Akachukua mguu wa meza mbovu, akauzungushia kamba ya mkonge toka chini hadi juu, akaupigilia kwenye ubao mzito usiyumbe. Anasema wateja wake wa Mbezi Beach wananunua kitu hichohicho kutoka nje kwa bei ya meza nzima, na wengine wanacholetewa ni mkonge. Nikawaza mche ulioletwa Tanga na Mjerumani, Hindorf, mwaka 1893, nchi hii ikaja kuvuna zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka katika miaka ya 1960, halafu sisi tunakwenda kununua kamba yake imezungushwa kwenye gogo la paka dukani.

Karani aliupita ule mguu wa meza kama anavyompita mgeni asiyemsalimia. Wiki mbili. Nikausogeza karibu na kochi, nikapaka dagaa, hakuna. Aliyemaliza ubishi ni mama. Alifungua sanduku lake moja, akatoa gunia la zamani la katani, si haya ya plastiki ya siku hizi, lililokuwa likikaa chini ya mizani dukani Tandale. Lilikuwa bado linanuka pumba. Akalikunja, akalifunga juu ya kamba ya fundi kwa uzi wa kushonea magodoro, akaenda zake kuswali adhuhuri.

Alipotoa salamu tulikuwa tunasikia ile sauti ya kitenge kinachochanwa. Nilikimbia sebuleni na ndala mkononi. Alikuwa kwenye gunia, amesimama kwa miguu ya nyuma, masikio yamelala, vumbi la pumba linamdondokea usoni.

Yule kijana wa kisu alipiga simu juzi. Amesikia nimeingiza vifaranga wapya, anauliza aje lini. Nimemwambia nitampigia. Mabati ya banda nimeulizia bei Kimara Mwisho, nimeandika nyuma ya daftari la mayai, na jana jioni nimekuta Karani amelala juu yake.